Athari au Hesabu? Uhakiki wa Istilahi za Kupima Majarida ya Kitaaluma

Kazi ya mwundaji wa istilahi haikomi pale anapopata neno la Kiswahili la kusimama badala ya neno la kigeni. Hana budi kuuliza pia neno hilo litafanya kazi gani likishatoka mezani pake na kuingia katika barua, katika waraka na katika kikao. Makala haya yanahusu istilahi moja ambayo kasoro yake huonekana ndogo katika kamusi, lakini huwa kubwa ifikapo mbele ya kamati ya kupandisha vyeo vya walimu wa vyuo vikuu. Nayo ni istilahi ya kile kipimo kinachotumiwa duniani kuonyesha ni mara ngapi makala ya jarida la kitaaluma hurejelewa na waandishi wengine. Mtafsiri anayekutana nacho huelekea kukiita "kigezo cha athari", "kipimo cha athari", "kiwango cha athari" au hata "kigawo cha athari". Majina haya hutofautiana mwanzoni, ila yote huishia katika neno moja, athari. Na hoja yetu ni kwamba neno hilo ndilo lisilofaa.

Kinachohesabiwa

Kabla ya kulihukumu jina, yafaa tukijue kitu chenyewe. Mwaka 1927 P. L. K. Gross na E. M. Gross walichapisha katika jarida la Science hesabu waliyoifanya kwa ajili ya maktaba ya chuo. Walilichukua jarida kubwa la chama cha wanakemia wa Marekani, wakahesabu marejeo yote yaliyokuwamo katika matoleo yake ya mwaka 1926, wakaona ni majarida yapi yanayorejelewa mara nyingi zaidi. Shabaha yao ilikuwa ya kawaida kabisa: maktaba yenye fedha chache inunue majarida gani ya kemia?

Mwaka 1955 Eugene Garfield, naye wa Marekani, alipendekeza katika jarida hilo hilo la Science kwamba iundwe faharasa ya namna mpya. Wanasheria wa nchi yake walikwisha kuwa na kitu cha jinsi hiyo tangu mwaka 1873, yaani orodha iliyomwonyesha wakili ni hukumu zipi za baadaye zilizoirejelea hukumu ya zamani. Garfield alitaka wanasayansi nao wawe na chombo hicho. Akaanzisha taasisi mjini Philadelphia, na faharasa yake ya sayansi ikaanza kutolewa katika miaka ya 1960. Katika kuchagua majarida ya kuingizwa humo, yeye na mwenzake Irving Sher waliona kwamba wakihesabu tu jumla ya marejeo, majarida makubwa yenye makala mengi yatayafunika madogo. Kwa hiyo waliigawanya jumla hiyo kwa idadi ya makala. Tangu mwaka 1975 hesabu hizo zimekuwa zikitolewa kila mwaka katika ripoti maalumu, ambayo siku hizi iko mikononi mwa kampuni ya Clarivate.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme jarida lilichapisha makala 20 mwaka 2023 na makala 30 mwaka 2024. Katika mwaka 2025, waandishi wa majarida yaliyomo katika faharasa waliyarejelea machapisho hayo ya miaka miwili mara 75. Tunagawanya 75 kwa 50, tunapata 1.5. Hapo ndipo mwisho wa hesabu. Hakuna aliyesoma makala hata moja, wala aliyeuliza kama yaliyosemwa ni kweli, wala aliyechunguza kama daktari, mkulima au mwalimu yeyote alinufaika. Kilichofanyika ni kuhesabu na kugawanya.

Tena hata mgawanyo huo hauko sawa pande zote mbili. Tahariri na barua za wasomaji zikirejelewa, marejeo hayo huingia katika namba ya juu. Lakini tahariri na barua zenyewe hazihesabiwi katika namba ya chini, ambayo huchukua makala ya utafiti na mapitio peke yake. Mhariri mwerevu huweza kulinufaisha jarida lake kwa mlango huo bila ya kuchapisha utafiti ulio bora zaidi.

Neno "athari"

Sasa tulitazame jina. Jina la Kiingereza la kipimo hiki limeundwa kwa maneno mawili. La kwanza lina maana ya kishindo cha kitu kinapogonga kingine, na kutokana nayo likapata maana ya matokeo ya jambo juu ya jambo jingine. La pili ni neno la wanahisabati. Mtafsiri aliyefuata neno kwa neno alilipa la kwanza "athari", na la pili akalitafutia kigezo, kipimo au kigawo.

"Kigawo" tunaweza kulitoa mara moja. Mtoto wa shule ya msingi anayejifunza Kigawo Kikubwa cha Shirika anajua kwamba kigawo ni namba inayogawanya nyingine bila kubakiza kitu. Katika mfano wetu, 1.5 si kigawo cha chochote. Ni jibu la kugawanya. "Kigezo" nalo lina mzigo wake, kwani kigezo ni kitu cha kufuatwa au cha kupimia vingine, kama mshonaji afuatavyo kipande cha karatasi alichokikata. Kuiita namba hii kigezo ni kuamua, kabla ya mjadala kuanza, kwamba majarida yapimwe kwayo.

Lakini tatizo kuu ni "athari". Katika matumizi ya zamani neno hili lilikuwa na maana ya alama au kovu linaloachwa na jambo. Leo twasema athari za ukame, athari za vita, athari za mafuriko. Katika kila mfano yapo mambo mawili: kuna jambo lililotokea, na kuna kitu kilichobadilika kwa sababu yake. Mto umefurika, nyumba zimeanguka. Msomaji wa Kiswahili anapoambiwa kwamba jarida fulani lina athari ya 1.5, anayo haki ya kuuliza: limebadilisha nini? Jibu la kweli ni kwamba hatujui. Tunajua tu kwamba kila makala yake, kwa wastani, yalitajwa mara moja na nusu katika orodha za marejeo za watu wengine. Huenda yalitajwa kwa kusifiwa, huenda kwa kukosolewa, na huenda yalitajwa kwa desturi tu na mtu aliyeyaona katika orodha ya mwenziwe.

Jina limetaja matokeo, na hesabu imepima kutajwa. Tunacho chombo kingine ambacho Waswahili wamekipa jina kwa busara: kipimajoto. Daktari hukitumia ili ajue kama mgonjwa ana homa, lakini hakuna aliyekiita kipimaugonjwa. Jina lake linasema kinachopimwa, yaani joto, na linamwachia daktari hukumu juu ya maana ya joto hilo. Istilahi ya majarida ingepaswa kufuata njia hiyo hiyo.

Mfano wa jarida la fuwele

Asije mtu akadhani kwamba tunabishania herufi. Liko jarida la kimataifa la elimu ya fuwele liitwalo Acta Crystallographica, sehemu A. Katika hesabu za mwaka 2008 kipimo chake kilikuwa 2.051. Katika hesabu za mwaka 2009 kilipanda hadi 49.926, kikaliweka miongoni mwa majarida yenye namba kubwa kabisa duniani. Mwaka 2010 kilikuwa bado juu ya 50, na mwaka 2011 kikarudi karibu na 2.

Wahariri hawakugeuka kuwa mahodari kwa miaka miwili kisha wakarudi kuwa watu wa kawaida. Mwaka 2008 jarida hilo lilichapisha makala ya George Sheldrick yaliyoeleza programu za kompyuta alizozitunga kwa ajili ya kutambua umbo la fuwele, na watafiti waliokuwa wakizitumia programu hizo waliombwa wayarejelee makala hayo. Wakayarejelea kwa maelfu. Makala ya mwaka 2008 huingia katika hesabu za mwaka 2009 na 2010 peke yake. Muda huo ulipopita, namba ikaanguka.

Sasa tuyaandike mambo haya kwa Kiswahili kwa njia mbili. Njia ya kwanza: "Athari ya jarida iliongezeka mara ishirini na nne kwa mwaka mmoja." Njia ya pili: "Wastani wa kurejelewa kwa jarida uliongezeka mara ishirini na nne kwa mwaka mmoja." Sentensi ya kwanza inamfanya msomaji astaajabu na kuinamisha kichwa. Ya pili inamfanya aulize: nani ameupandisha wastani? Mtumishi wa serikali aliyezoea kusoma takwimu anajua kwamba pato la wastani la kijiji hupanda siku tajiri mmoja anapohamia humo, na wanakijiji wengine wote wakabaki walivyokuwa. Neno "wastani" limebeba onyo lake lenyewe, na "athari" halina onyo lolote.

Onyo hilo si la jarida moja tu. Per Seglen wa Norwei, aliyechunguza majarida ya baiokemia, alionyesha kwamba asilimia 15 ya makala yaliyorejelewa zaidi ndiyo iliyopata nusu ya marejeo yote, na kwamba nusu ya makala ilipata asilimia 90. Katika maandishi yake ya mwaka 1997 alihitimisha kwamba kipimo cha jarida hakifai kumpimia mwandishi mmoja mmoja. Garfield mwenyewe alionya mara nyingi juu ya matumizi hayo. Hata hivyo, katika vyuo vingi vya dunia watu wameajiriwa na kupandishwa vyeo kwa namba ya jarida walimochapisha, si kwa makala waliyoyaandika. Ndiyo sababu wanasayansi waliokutana San Francisco mwezi wa Desemba 2012 waliandaa azimio, lililotangazwa mwaka 2013, linalotaka namba hiyo isitumiwe badala ya ubora wa kazi ya mtu.

Nukuu, dondoo na rejeo

Kabla ya kupendekeza, hatuna budi kulisafisha neno la pili, yaani lile la kitendo kinachohesabiwa. Hapa pana maneno manne yanayogombea nafasi moja: nukuu, dondoo, utajo na rejeo.

"Nukuu" ni maneno ya mtu yaliyochukuliwa kama yalivyo. Lakini marejeo mengi katika makala ya sayansi hayanukuu neno hata moja. Mwandishi hutaja tu jina na mwaka. Anayesema kwamba jarida limenukuliwa mara 75 ametoa habari isiyo kweli. "Dondoo" nalo ni kipande kilichochaguliwa katika maandishi, na kasoro yake ni hiyo hiyo. "Utajo" liko karibu zaidi, ila ni pana mno, kwa maana jarida huweza kutajwa katika mazungumzo au katika habari za redio bila ya kuingia katika orodha yoyote.

Linabaki "rejeo". Nalo lina sifa inayolifanya lifae zaidi. Katika elimu hii kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kile mwandishi anachokitoa: orodha ya kazi alizozitumia, ambayo sisi huiita marejeo au marejeleo. La pili ni kile kazi inachokipokea kutoka kwa waandishi wa baadaye. Kiswahili kinayatenganisha mambo haya kwa herufi moja tu, ile -w- ya kauli ya kutendwa. Mwandishi hurejelea, kazi hurejelewa. Ukisema "wastani wa marejeleo", msomaji hatajua kama unazungumzia urefu wa orodha zilizomo ndani ya jarida au heshima linayopewa kutoka nje. Ukisema "wastani wa kurejelewa", shaka imekwisha.

Liko jambo jingine dogo la kuwekwa sawa. Kiingereza hutumia neno moja kwa orodha ya mwishoni mwa kitabu na kwa namba inayofupisha mambo mengi. Sisi tayari tunayo maneno mawili, ingawa asili yake ni moja: orodha ni faharasa, na namba ni fahirisi, kama watakwimu wanavyosema fahirisi za bei. Kwa hiyo chombo cha Garfield ni faharasa ya marejeo. Na ile namba ya mtafiti iliyobuniwa na Jorge Hirsch mwaka 2005 ni fahirisi ya Hirsch. Tusiyabadilishane.

Sifuri na kutokupimwa

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi wenyewe. Marejeo yanayohesabiwa ni yale tu yanayotoka katika machapisho yaliyomo ndani ya faharasa. Makala yakirejelewa katika tasnifu ya chuo, katika kitabu cha kiada au katika jarida lililo nje ya faharasa, hesabu hiyo haiyaoni. Faharasa hizo zimejengwa zaidi juu ya majarida ya Kiingereza. Na kwa muda mrefu majarida ya fasihi, lugha na historia, hata yale yaliyokuwamo katika faharasa, hayakupewa namba hii kabisa. Yalianza kupewa katika ripoti ya mwaka 2023.

Tuchukue jarida la Kiswahili, ambalo chimbuko lake ni taarifa za Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, na ambalo baadaye lilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mijadala ya tahajia, ya istilahi na ya sarufi iliyopita katika kurasa zake imeingia katika kamusi na katika madarasa. Mwalimu anayemsahihishia mwanafunzi wake upatanisho wa kisarufi hamwandikii tanbihi. Msomaji wa taarifa ya habari anayetumia neno lililosanifiwa hamtaji aliyelipendekeza. Hii ndiyo athari kwa maana yake halisi, nayo haihesabiki katika faharasa yoyote.

Basi tufikirie kamati inayoletewa fomu yenye safu iliyoandikwa "Athari ya jarida". Mwombaji aliyechapisha utafiti wake kwa Kiswahili ataandika nini? Akiacha wazi, au akiweka kistari, msomaji wa fomu ataelewa kwamba jarida hilo halina athari. Mwenye kusoma hana kosa. Ndivyo Kiswahili kinavyosema. Safu hiyo ingeandikwa "Wastani wa kurejelewa", mwombaji angejibu "haujahesabiwa", na kamati ingelazimika kuyasoma makala yenyewe. Kutokupimwa si sawa na kupata sifuri, na istilahi inayozichanganya hali hizo mbili hukata hukumu ambayo hakuna aliyepewa madaraka ya kuikata. Ilani iliyotolewa mwaka 2015 kwa jina la mji wa Leiden, yenye kanuni kumi za matumizi ya vipimo hivi, inataka waziwazi kwamba utafiti bora wenye manufaa kwa mahali pake ulindwe. Ulinzi huo waweza kuanzia katika kichwa cha safu ya fomu.

Pingamizi

Wako watakaosema kwamba istilahi haina wajibu wa kueleza kitu kizima. Watatukumbusha kwamba gari la vita tunaliita kifaru, na hakuna askari aliyewahi kulitafutia majani. Hoja hii ni nzuri, na kwa istilahi nyingi tunaikubali. Lakini kifaru cha vita na kifaru cha porini viko mbali kiasi kwamba hakuna awezaye kuvichanganya. Athari ya namba na athari ya kweli zinakaa katika sentensi moja, ndani ya ukurasa mmoja, mbele ya mtu mmoja anayetaka kuamua. Sitiari inayoonekana ni salama. Ile isiyoonekana ndiyo inayopotosha.

Wengine watasema kwamba "athari" limekwisha kuzoeleka, na kwamba tukilitupa tutakuwa mbali na wenzetu wa kimataifa. Kuzoeleka kwake ni miongoni mwa watu wachache, na istilahi hurekebishwa kwa urahisi ingali changa. Ama kuhusu wenzetu, wao nao wanaulalamikia upotofu huo huo katika lugha zao. Hatulazimiki kuurithi mzigo ambao wenyewe wanatafuta mahali pa kuutua.

Wapo pia watakaoona kwamba "wastani wa kurejelewa" ni jina la maneno mengi na lisilo na fahari. Fahari ndiyo tunayoikimbia. Kuhusu urefu, lina maneno matatu sawasawa na "kigezo cha athari".

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza kwa watafsiri, walimu na watumishi wa serikali mambo yafuatayo.

Kwanza, kipimo hiki kiitwe wastani wa kurejelewa. Na pale inapotakiwa ukamilifu, kama katika waraka au mkataba, kiitwe wastani wa kurejelewa kwa jarida katika miaka miwili.

Pili, fasili yake iwe hii: idadi ya mara ambazo machapisho ya jarida ya miaka miwili iliyotangulia yalirejelewa katika mwaka unaohusika, ndani ya faharasa iliyotajwa, ikigawanywa kwa idadi ya makala ya utafiti na mapitio yaliyochapishwa katika miaka hiyo miwili. Jina la faharasa lisiachwe, kwani faharasa mbili huweza kutoa wastani mbili kwa jarida moja.

Tatu, istilahi hii itumike kwa jarida tu. Isiandikwe kamwe kwamba mwandishi fulani, au makala fulani, yana wastani wa jarida.

Nne, jarida lililo nje ya faharasa liandikwe "halijahesabiwa". Neno "sifuri" liwekwe kwa jarida lililohesabiwa likaonekana halikurejelewa hata mara moja.

Tano, neno athari libaki na kazi yake ya siku zote. Anayetaka kusema kwamba utafiti fulani una athari na aseme, ila aonyeshe ni nini kilichobadilika: ni ugonjwa gani uliopungua, ni sheria gani iliyorekebishwa, ni somo gani linalofundishwa sasa kwa njia nyingine.

Mapendekezo haya hayakifuti kipimo. Mkutubi mwenye fedha chache bado atakihitaji, kama alivyokihitaji mwaka 1927, na wastani wa kurejelewa utamfaa sana kwa kazi hiyo. Tunachokitaka ni kwamba atakayeisoma namba hiyo kwa Kiswahili aambiwe ni namba ya nini, kisha aachiwe nafasi ya kufanya kazi ambayo hakuna namba itakayomfanyia, yaani kuyafungua makala na kuyasoma.